Mama wa Majani na Ndago za Rau

Wageni wakishuka kwenye magari pale kwenye bustani yangu ya harusi, Rau, neno lao la kwanza ni moja: "Haya majani umeyatoa wapi?" Wa Dar ndio wanaoshangaa zaidi. Wengine huvua viatu. Kuna mmoja, mtu mkubwa tu, aliinama akayapapasa kama anayechagua zulia dukani, akaniuliza nimemleta mtaalamu kutoka nchi gani. Nikamwambia, mzee, mtaalamu wangu alikuwa anauza majani ya ng'ombe Njoro, na chombo chake cha kazi kilikuwa kisu cha kumenyea ndizi. Akacheka, akidhani natania. Mimi mambo ya bustani sitanii.

Nimeamua kumwandika huyo mama kwa sababu watu wananisifu mimi, na mimi sifa sizikatai, nimezitolea jasho. Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba mizigo ya watalii kutoka Marangu mpaka kwenye barafu. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nimeuza mitumba juu ya turubai, kisha duka, kisha lori, kisha nikauza lori na duka nikanunua kiwanja Rau. Katika hayo yote hakuna aliyenishika mkono. Lakini kwenye majani nilishikwa mkono, na siku nyingine nilishikwa sikio, na aliyenishika ni yeye.

Jina lake silitaji. Njoro nzima ilimwita mama wa majani, naye akiitwa hivyo aliitika. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo wako wenyewe wa kuyasema. Mimi nasema nilichokiona.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imenyooka kama nguzo kwa ajili ya mizigo. Asubuhi ukimwona kwa mbali anakuja na majani juu ya kata, kichwa hukioni, unaona kichaka kinatembea kwa miguu miwili. Alivaa raba za kiume zisizo na kamba. Nyuma ya chumba chake alikuwa na banda la ng'ombe wawili ambao hawajawahi kwenda malishoni hata siku moja. Malisho yaliwafuata wao, kama ilivyo desturi yetu Wachagga. Miaka thelathini alikuwa anakata majani kwenye kingo za mifereji na kandokando ya msitu wa Rau, na katika miaka hiyo yote aliamua kwamba sura za watu hazina la kumfundisha. Alitazama chini. Ukimwamkia, "Shikamoo mama," atakujibu "Marahaba" huku macho yako miguuni pako. Akishamaliza kukagua unachokanyaga, ndipo anapandisha uso.

Hivyo ndivyo tulivyokutana. Nilikuwa nimesimama getini najisifia kimoyomoyo. Ukuta umeisha, ukoka umepandwa, umeshika, umekuwa kijani. Akapita na mzigo wake, akasimama. Hakuutua. Akaniuliza:

"Baba, hapa unafuga nini?"

"Sifugi, mama. Hii ni bustani ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya watu wote. Watakodi."

"Mm. Na hawa wageni waliokwisha kuingia, umewaalika wewe?"

Nikageuka. Sikuona mtu. Akanyoosha kidevu, maana mikono ilikuwa imeshika mzigo. "Yule pale ni sangari. Huyu wa karibu ni kishona nguo, bado mtoto. Kule kwenye jua, mbigili. Atakuja kuwatoboa wacheza dansi wako." Halafu akatazama upande wa ukuta. "Yesu na Maria. Na kule una ndago."

Nikamwambia mimi naona kijani tu.

"Hata nyoka wa migombani ni kijani," akasema, akaondoka zake.

Hapa nieleze kitu, ili asiye wa kwetu anielewe. Mchagga anaweza kukaa Dar, Mwanza, popote, mwaka mzima. Desemba anarudi mlimani. Mabasi yanajaa, magari yanapanga foleni, na harusi zote zilizosubiri mwaka mzima zinafungwa ndani ya wiki tatu. Ukiwa na bustani ya harusi Moshi, Desemba moja inakujenga au inakuzika. Watu wakiona majani mazuri, sifa zinarudi nao mjini. Wakichomwa miiba, hizo habari nazo zinarudi kwa basi lilelile. Nami nilikuwa nimeshauza kila nilichokuwa nacho. Sikuwa na lori la kurudia, wala duka. Nilikuwa na mke, watoto wanne, ukuta, na yale majani.

Kesho yake nilimsubiri njiani.

Tulivyopatana ni hivi: atakuja asubuhi mara tatu kwa wiki, na kila anachokata na kung'oa ni chakula cha ng'ombe wake, pamoja na chai ya maziwa na hela kidogo juu yake. Nilitaka kuongeza, akakataa. Alisema mtu anayelipwa sana anaanza kuogopa kumwambia tajiri ukweli. Yeye hakuogopa. Aliniita "tajiri" tangu siku ya kwanza, na ilinichukua mwezi mzima kutambua kwamba hakuwa ananisifu.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni majina. Mimi nilitaka tung'oe, yeye akakataa katakata. "Gugu ukilijua jina, limeshaanza kuogopa." Akanifumbisha macho, mimi mtu mzima mwenye kiwanja, akanipa bua nilivingirishe kati ya vidole. "Linaviringika?" Nikasema linagoma. "Basi lina pembe tatu. Hiyo ni ndago. Nyasi ni duara, inaviringika kama kalamu." Sangari alinifundisha kwa kuivuta taratibu mpaka ule mzizi wake mweupe ukatoka mrefu kama tambi, ncha yake kali kama sindano. Akasema ameshaona sangari imetoboa kiazi kikiwa ardhini, ikatokea upande wa pili. Mbigili ilikuwa rahisi, mbegu yake ina pembe kama kichwa cha mbuzi, na mwalimu wake ni unyayo wako. Kuna lile jani laini lenye ua la buluu ambalo watoto huwapa sungura. Hilo alinionya: ukiling'oa ukalitupa chini, hujaling'oa, umelihamisha. Lazima liende tumboni kwa ng'ombe.

Ndago aliipa somo la peke yake. Mimi nilikuwa nimekuja na jembe, mtoto wa mkulima wa kahawa nijue nini zaidi ya jembe? Akaliangalia lile jembe kama nimeleta mbwa kanisani.

"Rudisha. Jembe ni mkunga wa ndago."

"Kivipi, mama?"

Akapiga magoti, akachomeka kile kisu chake pembeni mwa shina, shibiri nzima, akainua udongo polepole. Chini kulikuwa na kitunguu cheusi, kidogo kama punje ya mahindi. Kutoka hapo ukaenda uzi mwembamba, ukafika kwenye kingine, na kingine. "Unaona? Wameshikana mikono. Ukipiga jembe umekata uzi, kila mmoja anaamka na kuanzisha mji wake. Ukivuta kwa mkono, jani linakuja, mwenyewe anabaki chini anakucheka."

"Na aliyeko chini sana?"

"Huyo unamkata kila akitoa kichwa. Leo, keshokutwa, mtondo. Ana akiba yake kule chini, anaila. Itaisha. Kazi yako ni moja tu, usichoke kabla yake."

Nimefanya biashara na watu wengi, wenye shahada na wasio nazo. Sijasikia ushauri wa biashara unaoushinda huo.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Nyumbani kwake Njoro uwanja ulikuwa pori. Kishona nguo mpaka dirishani, ukitoka hapo suruali imeota ndevu. Nilipomuuliza, akanijibu, "Kwangu nina ng'ombe, sina wageni." Mchunga, ambao kwangu aliuwinda kama mwizi, kwake aliuchuma, akaupika na maziwa, akanipakulia. Mchungu! Nikala nikasifu, kwa sababu alikuwa amesimama ananitazama.

Jumapili hafanyi kazi. Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni, misa ya kwanza hakosi. Lakini njia ya kwenda kanisani ilikuwa inapita kwenye majani ya padri, na watu wote walijua kwamba mama wa majani hafiki mlangoni mikono mitupu. Padri alimwuliza siku moja, "Mama, na Jumapili pia?" Akajibu, "Hii si kazi, padri. Kazi ni ya Jumatatu. Hii ni aibu naiondoa tu." Tena tulikuwa msibani kwa jirani yetu Mlutheri, mchungaji anaomba, sisi tumefumba macho. Nikasikia kama kitu kinakwaruza. Nikafumbua jicho moja. Mama ameinama kwenye kiti, anafuata uzi wa sangari kati ya miguu ya mtu wa mbele yake, na yule mtu, maskini, ameinua mguu bila kuacha kuomba. Mchungaji aliposema amina, sangari ilikuwa imetoka yote.

Aliamini usafi na hakuamini mashine. Nilileta ya kukatia majani, ya mafuta, nimeinunua Nairobi kwa mtu aliyekuwa anahama. Nikaikata bustani mpaka chini, ikawa kichwa cha mtoto aliyenyolewa siku ya kwanza ya shule. Nikampigia mluzi aje aone. Akazunguka, akaguna.

"Umemvua nguo, tajiri. Ukoka ndio blanketi. Ukiwa mrefu kiasi hiki," akanionyesha vidole vitatu, "jua halifiki chini na gugu linazaliwa gizani linakufa. Sasa umewafungulia mlango na taa umewawashia."

Nikapandisha kisu cha mashine. Mpaka leo kiko hapo hapo, vidole vitatu vya mama wa majani.

Kulikuwa na dawa pia. Miaka hiyo mipaka ilifunguka, kila kona mjini kuna duka la dawa za shamba, chupa za kila rangi. Muuzaji mmoja, kijana mwenye tai, aliniapia kwamba hii inaua kila gugu. Nikasubiri siku ambayo mama haji. Nikapulizia, nimejifunga kitambaa puani, najiona daktari. Baada ya wiki ukoka ukawa wa njano, ukawa kahawia, ukalala. Na katikati ya ule ukavu, ndago zimesimama, kijani, zinang'aa, kama zimepakwa mafuta.

Mama alipofika alikaa chini. Alicheka mpaka akatoa machozi, akajifuta na kanga.

"Umemuua mwenye nyumba," akasema, "umemwacha mwizi."

Ukoka tulipanda upya kwenye kile kipara. Yeye hakuninunia. Alikuwa na huo upole wa ajabu: kosa la ujinga alilicheka, akalisahau. Kosa la kiburi ndilo alilolipima.

Na la kiburi nililifanya.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa kazi. Harusi ya kwanza ilikuwa imeshapangwa, Desemba, ya familia kubwa. Mwezi wa tisa mama akapanda Marangu kwenye kihamba, shamba lake la migomba na kahawa; kahawa zilikuwa zinaiva na hakuwa na wa kumchumia. Kabla ya kuondoka nilimwambia kuna sehemu zimebonyea, nataka kuleta udongo mweusi wa mashamba ya mpunga kule chini, ule unaonata, mtamu, nisawazishe na kuongeza rutuba. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso.

"Usiulete. Ule udongo una wenyewe."

"Wenyewe gani? Nimeshaongea na mwenye shamba."

"Simsemi huyo. Subiri nirudi, tutachukua wa migombani, tutauchekecha."

Mimi nikaona mama amezeeka. Udongo wa migombani, kwa ndoo, utaisha lini? Tena mimi ni mtu wa malori. Alipopanda mlimani tu, nikaleta tripu nne. Nikamwaga, nikasawazisha, uliobaki nikaurundika nyuma ya jiko. Aliporudi kila kitu kilikuwa kimefunikwa na ukoka mpya. Nilimwambia nimeweka mchanga kidogo. Yeye aliweka samadi ya ng'ombe wake, iliyooza vizuri, akaendelea na kazi.

Mvua za vuli zikanyesha. Siku ya nne baada ya mvua, ndago zilitoka. Sisemi hapa na pale. Zilitoka kama nywele.

Na siku hiyohiyo kamati ya harusi ikaja kukagua. Watu saba, mwenyekiti wao mwanaume wa kitambi, mcheshi. Akasimama katikati ya bustani, akatazama kushoto, kulia.

"Tajiri, bibi harusi atatembea hapa au atavuna mpunga?"

Wakacheka wote. Nikaona lori langu, duka langu, vyote vinaondoka na kile kicheko. Na mama alikuwa hatua kumi tu, amepiga magoti, anachomeka kisu. Nikanyoosha kidole.

"Ni huyu mama. Samadi ya ng'ombe wake ndiyo iliyoniletea uchafu. Nilimwamini."

Kicheko kikakatika. Mama akainuka, akashika kiuno.

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Hakunitazama. Aliitazama bustani, kona mpaka kona, kama anayesoma. Nadhani alisoma yote pale pale, na tripu nne akazihesabu. Akafuta kisu kwenye kanga. Akavaa raba zake, akatoka getini. Siku hiyo aliyaacha hata majani yaliyokuwa yamefungwa tayari kwa kamba ya mgomba. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili wanaosubiri, hapo nilipaswa kuelewa. Sikuelewa, nilikuwa na hasira na watu saba wa kuwafurahisha.

Harusi ilihamia ukumbi mwingine. Desemba hiyo nilikaa kwenye bustani yangu peke yangu na viti mia tatu vya plastiki.

Januari nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta koleo. Ule udongo uliobaki ulikuwa bado umerundikwa. Hapakuwa na ukoka juu yake, na samadi haijawahi kufika pale, wala mama hajawahi kupagusa. Ulikuwa umejaa ndago kutoka chini mpaka kileleni, umeota manyoya kama mbuzi. Nikasimama pale na koleo muda mrefu. Kila tajiri ana siku anapojiona alivyo, na mimi yangu ilikuwa nyuma ya jiko.

Nilimtafuta Njoro. Nikaambiwa ameuza ng'ombe mmoja, na mwingine amepanda naye Marangu, kwenye kihamba chake, hashuki tena. Nikamwambia mke wangu nitampelekea mama sukari na kanga nzuri. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye akili nyumbani, akasema:

"Kanga ni za salamu. Wewe una kosa. Beba isale."

Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba. Kwetu, mtu akikukosea akaja na isale mkononi, huna ruhusa ya kumfukuza, hata kama amekuunguzia nyumba. Nilikuwa na miaka mingi sijaigusa. Nilijidhania nimeshavuka mambo hayo. Nikaikata, nikaifunga fundo, nikapanda Marangu.

Nilimkuta uwanjani chini ya migomba, anamkatia ng'ombe wake mgomba vipande vipande. Akaniona kwa mbali.

"Ee! Tajiri na isale. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya ngozi.

Nikampa lile jani kwa mikono miwili. "Mama, nilikusingizia. Ni udongo wangu ndio ulioleta ndago. Uliniambia, nikakaidi, kisha nikakutupia wewe. Nimekosa."

Akalipokea. Akaligeuza upande huu na huu. Ng'ombe anatafuna.

"Uliyasema yale mbele ya watu wangapi?"

"Saba, mama."

"Na leo umekuja na wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Mm." Akaichomeka isale kwenye ukuta wa banda. "Isale hairudishwi. Nimepokea. Aika, asante. Ila magoti yangu hayashuki tena Rau, yameisha. Wewe una magoti?"

"Ninayo."

"Hayo yenye suruali ya kitambaa?"

Nilikaa kwake siku tatu. Nililala kwenye chumba cha mbuzi, nikala kiburu cha ndizi na maharage, na asubuhi zote tatu alinipigisha magoti kwenye kipande cha kihamba chenye ndago, yeye amekaa kwenye kigoda ananiangalia mikono. Nikikata uzi, anasema "Mji mpya!" na mimi natakiwa kuwatafuta wote mpaka wapatikane. Majirani walipita wakasimama. Mmoja akauliza, "Mama, umepata kibarua?" Akajibu, "Kutoka mjini. Mzito kidogo, lakini anasikia." Siku ya tatu nilitoa mnyororo wa vitunguu tisa bila kukata. Nikamwinulia juu kama mtu aliyevua samaki. Akasema, "Punguza kelele, wa kumi yuko pale."

Nilirudi Rau, nikafanya mwenyewe. Sikuajiri mtu. Misimu minne ya mvua nilikuwa nimepiga magoti kwenye bustani yangu, watu wanapita getini wananionea huruma, wengine wanasema biashara imemrusha akili. Lile rundo la nyuma ya jiko nililianika juani juu ya bati mpaka likawa vumbi. Kila ndago iliyotoa kichwa niliikata, leo, keshokutwa, mtondo. Sikuchoka. Nasema kwa majivuno, na nina haki: ile bustani niliisafisha kwa kisu na magoti yangu, na sijamwona mwanaume mwingine Moshi aliyefanya hivyo.

Desemba ya mwaka wa pili baada ya lile kosa nilipata harusi. Bwana harusi alikuwa wa Marangu, na akina mama wa kwao walishuka kwa basi dogo. Nimesimama getini na suti ya kijivu, napokea wageni, nikaona raba za kiume zisizo na kamba zinashuka ngazi ya basi. Alikuwa amekonda, ana fimbo. Alikuwa amevaa vitenge vipya kwa ajili ya harusi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, tajiri. Nionyeshe."

Hakwenda kukaa. Alivua raba, akaingia bustanini miguu mitupu, mimi nyuma yake. Muziki unapigwa, watu mia tatu wamekaa, maharusi wako mezani, na sisi wawili tunazunguka kama tuliopoteza shilingi. Ndafu ikaletwa wakati huohuo, mbuzi mzima amechomwa, amewekwa majani mdomoni kama ilivyo desturi, amebebwa na vijana wanne wanaocheza. Mama akawasimamisha kwa fimbo. Akainama, akakagua yale majani ya mdomoni mwa mbuzi, akaguna, akawaruhusu wapite.

Akafika karibu na meza ya maharusi. Fimbo ikasimama. Sikuiona mpaka aliponigusa kifundo cha mguu. Ndago, moja tu. Majani yake matatu, inang'aa.

 Akanipa kile kisu chake cha ndizi.

Nikapiga magoti, na suti yangu. Nikachomeka pembeni, shibiri nzima. Mshereheshaji, ambaye hakuna kinachompita, akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, mwenye ukumbi kapiga magoti mbele ya mama! Mnaposana?" Ukumbi wote ukalipuka. Na mimi, sijui maneno yalitoka wapi, nikainua kichwa nikasema kwa sauti, kipaza sauti kikiwa karibu kabisa:

"Huyu ndiye mwenye hii bustani. Nilimsingizia hapa hapa mbele ya kamati kwamba aliniletea magugu. Magugu niliyaleta mimi, kwa lori la kukodi, tripu nne. Leo nasema mbele yenu wote."

 Mama aliegemea fimbo yake, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alianza na uso, miguu akaiacha.

"Tajiri," akasema, "acha maneno. Utakata uzi."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nami nikarudi kwenye kazi, taratibu, udongo ukainuka, na kitunguu kikatoka kizima, na uzi wake wote, na mwisho wa uzi hapakuwa na kingine. Nikamwekea kiganjani. Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, akanikung'uta vumbi magotini kwa kiganja, kisha akaniuliza ile ndafu inakatiwa upande gani.